Mstari Ulioshushwa

Siku ya tatu tangu mlima umtapike Bwana Kigingi, Inspekta aliupanda tena ule mteremko saa nne asubuhi, viatu vimemlemea kwa tope. Muda wake ulikuwa unaishia saa nane. Saa nane gari la mkoani lingefika kituoni kumchukua mfugaji mmoja, ambaye kwa urefu wake watu walimwita Twiga, na kumpeleka mahakamani kwa kesi ya kuua. Kesi ya kuua haina dhamana. Mtu akishapanda gari lile huweza kukaa mahabusu mwaka, miaka miwili, mitatu, kabla hajapata wa kumsikiliza. Na hati ya kumkamata Twiga ilikuwa na saini ya Inspekta mwenyewe.

Lililomrudisha mlimani ni kibanzi. Jana jioni daktari alimpigia simu kwamba kwenye fuvu la marehemu, penye jeraha, ametoa kibanzi cha mbao kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mbao nyekundu, ngumu. Sasa fimbo ya Twiga, ile iliyookotwa hatua sita kutoka kwenye maiti na kuwafanya watu wote waseme kesi imekwisha, ilikuwa ya mti mweupe, nzima, haina hata mkwaruzo. Twiga alisema aliiangusha siku aliyokuja kumtoa ndama wake mtaroni, na hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa wiki mbili kabla ya hapo aligombana na Bwana Kigingi, bwana shamba wa kijiji, mbele ya watu kuhusu kufungiwa malisho.

"Fimbo ikipasua fuvu la mtu, afande, nayo lazima iumwe kichwa," Konstebo alisema huku akihema nyuma yake. "Hii haina hata homa."

Inspekta hakucheka, ila aliliweka neno hilo moyoni.

Juu, penye pasuko, walimkuta Shangazi. Alikuwa shangazi wa kila mtu pale kijijini, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mikono kama mizizi, kiongozi wa kikundi kilicholima matuta yote kumi ya mlima ule. Alisimama akilitazama tuta lililopasuka kama mtu anayemtazama mwanawe aliyemwaibisha ukweni. Inspekta alimwamkia, akamwomba amweleze kazi ile kama anavyomweleza mtu asiyejua lolote. Shangazi akasema haitakuwa vigumu, maana ndivyo alivyo.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtaro huchimbwa kukata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu, ukawa tuta. Tuta hupandwa majani ili lishikane. Mvua ikija na hasira zake kutoka kileleni, inagonga tuta, inatulia, inanyweka ardhini, na shamba linabaki na udongo wake badala ya kuupeleka mtoni. Lakini yote yanasimama juu ya jambo moja: mstari uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na bonde hata la shubiri moja, maji yote ya tuta zima yatakusanyika hapo, na hapo ndipo patakapopasuka.

Ndipo palipopasuka. Usiku wa mvua ya kwanza tuta la kumi lilifunguka mwishoni mwake, na kulipopambazuka watu waliokuja kutazama hasara walimwona bwana shamba wao amelala chali katikati ya udongo, mdomo umejaa tope, yeye ambaye wiki tatu zote walidhani kapotelea mjini.

"Kwa hiyo hapa ni chini kuliko kwingine," Inspekta alisema.

"Maji hayana ujanja, mwanangu. Yamekwenda palipo chini."

"Na mstari aliuweka nani?"

 Shangazi alisema mstari aliuweka Kigingi, siku moja kabla ya kazi. Walimwona tangu mchana na fremu yake ya kupimia na mzigo wa vigingi, ndio maana akaitwa hivyo, akavichomeka kimoja kimoja hadi jioni. Kesho yake kazi ilifanyika bila yeye. Mkewe alikuja akawaambia kaitwa mkutanoni wilayani alfajiri. Hakuna aliyeshangaa, serikali haichoki kuita watu mikutanoni. Wakalima. Watu arobaini, kila nyumba na kipande chake, wakamaliza kabla jua halijawa kali.

"Sasa huyo Kigingi aliyeifanya kazi hii miaka thelathini," Inspekta alisema, "aliweka mstari wenye bonde?"

"Hajawahi," Shangazi alisema, na uso wake ukabadilika, kwa kuwa alikuwa amelisikia jibu lake mwenyewe.

Basi wakapima. Konstebo alitumwa kwenye stoo ya kamati kuleta fremu, naye akarudi na Mwenyekiti wa kamati ya hifadhi akimfuata nyuma, funguo zikilia kiunoni, na watu kumi na tano hivi wakimfuata Mwenyekiti. Fremu ni chombo cha kimaskini: mbao tatu zilizopigiliwa kama herufi A, uzi unaning'inia toka juu, na jiwe limefungwa ncha ya uzi. Miguu miwili ikikanyaga mahali palipo sawa, uzi unapita juu ya alama iliyochongwa katikati ya ule ubao wa kulala. Mguu mmoja ukiwa chini, uzi unakwenda upande wake. Inspekta aliichukua, akaibeba kwapani, akaiweka kwenye kigingi cha kwanza, kisha akataka kuisogeza mbele. Shangazi akampokonya.

"Unaibeba kama mkeka. Fremu hucheza, haitembei." Akamwonyesha: mguu wa mbele unabaki pale pale, wa nyuma unazungushwa unakuwa wa mbele, hatua kwa hatua, kama mtu anayecheza na mwenziwe. Hivyo mguu mmoja ukiwa na kasoro, hatua hii inaharibu na hatua ile inatengeneza. Kila mtu wa kikundi alifundishwa hivyo na Kigingi, na asiyezungusha alitukanwa mpaka akazungusha.

Tuta la kumi lilikuwa na vipande viwili, katikati yake pametokeza mwamba mpana kama sakafu ya nyumba. Kipande cha kwanza, kabla ya mwamba, kilikuwa na vigingi kumi na viwili. Shangazi alicheza nacho mwanzo hadi mwisho na uzi haukuondoka kwenye alama. Kipande cha pili, toka mwamba hadi pasuko, kilikuwa na vigingi kumi. Hapo alianzia kwenye pasuko kurudi mwambani. Hatua ya kwanza uzi ulilala upande wa pasuko. Vidole viwili. Hatua ya pili, vidole viwili. Ya tatu, ya nne, ya tano, vidole viwili vile vile, hadi mwambani.

Watu walinong'ona. Shangazi aliirudia kazi yote tangu mwanzo, polepole, midomo imekaza. Matokeo yakawa yale yale.

Inspekta alichuchumaa kwenye kigingi cha mwisho, akakitazama kwa muda. Mtu akichomeka vigingi kwa macho, hukosea huku na kule: hapa kidole, pale vitatu, pengine hakosei kabisa. Hivi havikuchomekwa kwa macho. Kosa linalorudi kila hatua kwa kipimo kile kile ni kosa lenye chombo. Mtu alikuja baada ya Kigingi, akang'oa vigingi kumi vya mwisho, akavipima upya kwa uangalifu, kwa fremu yenye kasoro, na wala hakuizungusha, maana angeizungusha kosa lingejifuta.

Aliwaambia watu watafute mashimo ya zamani. Hayakutafutwa sana, Konstebo alitumbukiza kisigino katika moja, akaanguka makalio chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakacheka. Kicheko hakikufika mbali. Lilikuwa shimo la kigingi, duara, limejaa majani makavu, juu ya tuta kwa hatua tatu hivi. Hatua ya fremu mbele yake kulikuwa na lingine. Na lingine. Kumi yote. Shangazi aliweka fremu juu yake, na uzi ukatulia katikati kama ulivyotulia kwenye kipande cha kwanza.

"Huo ndio mstari wake," Shangazi alisema. "Huo ndio wa Kigingi."

Mstari wa Kigingi, basi, ulipita juu. Maiti ilikuwa chini yake. Aliyemwua hakuwa na nguvu ya kumburuta mtu mzito akipanda mlima, na hakuwa na muda wa kuchimba kaburi lenye kina. Alimfukia juu juu pale alipoangukia, akatandaza mabua. Kisha, kwa kuwa alishindwa kumpandisha marehemu hadi kwenye mstari, aliushusha mstari hadi kwa marehemu. Kila anayepima huanzia mahali asipoweza kupahamisha. Huyu alianzia kwenye maiti, akarudi kuelekea mwambani. Kilichobaki aliwaachia wengine. Asubuhi watu arobaini wangefika na majembe, wakafuata vigingi kama wanavyofuata siku zote, wakatupa udongo upande wa juu kama wanavyotupa siku zote, na tuta lingekwenda kulala juu ya mtu.

Inspekta aliyasema haya yote kwa sauti ya kawaida.

"Tulilikanyaga," mwanamke mmoja alisema nyuma.

Shangazi alikuwa ameketi chini bila kujua ameketi. Alieleza, kwa kuwa Inspekta alimtazama kama asiyeelewa, kwamba tuta likishapanda hukanyagwa ili lishikane. Wanawake husimama juu yake kwa safu, wakashikana mabega, wakaimba, wakapiga miguu. Siku ile waliimba vizuri kuliko siku zote. Walirudia wimbo mara tatu. Yeye ndiye aliyesema turudie.

"Na mkewe?" Inspekta aliuliza.

"Alikuwa kushoto kwangu," Shangazi alisema. "Hapo hapo. Nilimshika bega."

 Konstebo alivua kofia. Mwenyekiti, ambaye kwa siku tatu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote kwamba Twiga apelekwe hata kwa miguu, alifuta uso kwa leso ambayo tayari ilikuwa imelowa. Inspekta alimwona. Alimwona pia anavyorudi nyuma hatua moja moja.

Twiga hakujua habari ya vigingi. Hakujua kesho yake kuna kazi, wafugaji hawakuitwa. Na asingejua kuwa udongo utatupwa juu badala ya chini. Aliyefanya hivi ni mtu wa kikundi, mwenye kufika kwenye fremu. Fremu zilikuwa tatu kijiji kizima, zote kazi ya seremala mmoja, zote za mbao nyekundu. Moja ilikaa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni kwa Mwenyekiti.

Alimvuta kando, mwambani, na mahojiano hayakuwa marefu. Alimwuliza jioni ile alikuwa wapi. Nyumbani. Nani alimwona. Watu wa nyumbani. Inspekta akamwambia kwamba juu ya chemchemi kuna mashamba kumi na mawili yaliyoorodheshwa kufungwa ili yarudi kuwa msitu, na la kwake la mahindi ni mojawapo, na kama ataendelea kuwa nyumbani jioni ile basi na aendelee hadi kituoni. Mwenyekiti alilegea kama gunia lililokatwa kamba. Alikiri alipanda huku jioni ile. Alikuja kumbembeleza Kigingi alitoe shamba lake kwenye orodha, amwachie msimu mmoja.

"Akasemaje?"

"Akanicheka, afande. Akasema kama angekuwa wa kupendelea, angeanza na nyumbani kwake. Akaniambia shamba la kwanza kufungwa ni la mkewe, lile aliloachiwa na mama yake, na kigingi chake amekichomeka asubuhi ya siku hiyo hiyo katikati ya mihogo. Niliona aibu. Nikateremka nikimwacha mzima, anafunga vigingi vilivyobaki."

Kwa nini hakusema siku tatu zote? Kwa sababu, alisema, mtu wa mwisho kumwona marehemu ndiye wa kwanza kuulizwa, na fimbo ya Twiga ilikuwa imeshajibu.

Inspekta hakumwamini wala hakumkatalia. Alirudi kwenye tuta, akaitazama fremu ya stoo kwa mara nyingine. Miguu yake ilikuwa mizima, na imeshasema kweli kwenye kipande cha kwanza. Fremu ya kikundi, ambayo Shangazi aliagiza iletwe, nayo ilipita kipimo. Ikawa saa saba kasoro. Watu walikuwa wamekuwa wengi, na katikati yao, bila mtu kumwita, alikuwa amefika mjane.

Alikuwa mwanamke mtulivu, mnene kidogo, kitambaa cheusi kichwani. Siku mbili hizi Inspekta alikuwa amekunywa chai jikoni kwake na kuandikia maelezo mezani kwake. Wanawake walimpisha na wengine wakashindwa kumtazama, wakikumbuka walichokuwa wamekisikia punde. Inspekta aliomba moyoni asiwepo mtu wa kumweleza habari ya kukanyaga. Mjane hakuuliza habari hiyo. Alizitazama fremu mbili zilizolazwa chini, akauliza wanapima nini, Konstebo akamjibu kwamba wanatafuta fremu inayokosea.

"Hizo za kamati zinapigwa jua na mvua," mjane alisema. "Kama mnataka kupima kweli, chukueni ya marehemu. Hiyo haijawahi kukosea."

Akateremka kuileta mwenyewe, wala hakukubali kusaidiwa. Alirudi nayo kwapani, ameibana kama alivyozoea, maana miaka yote hiyo ndiye aliyemfuata mumewe shambani akiwa ameibeba, na mumewe mbele na vigingi. Akampa Shangazi. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

Inspekta alitaka tu kuikamilisha hesabu ya fremu. Hilo alilisema baadaye kwenye ripoti, na lilikuwa kweli.

Shangazi aliiweka kwenye pasuko. Uzi ukatulia katikati ya alama. Mahali ambapo fremu mbili zilikwishasema si sawa, hii ilisema ni sawa. Shangazi alidhani ameona vibaya. Akaizungusha, mguu wa nyuma ukaja mbele, na uzi ukaruka mbali, vidole vinne. Akazungusha tena: katikati. Tena: vidole vinne. Alisimama akiwa ameishika, akamtazama Inspekta kama anayeomba asiambiwe kitu.

"Usiizungushe," Inspekta alisema. "Ibebe kama mkeka."

"Haibebwi hivyo."

"Ibebe, Shangazi."

Shangazi alirudi kwenye pasuko. Aliiweka kwenye kigingi cha kwanza na cha pili: katikati. Akainyanyua bila kuizungusha, akaisogeza: katikati. Akasogeza. Katikati. Watu waliokuwa pale walikuwa wanaijua kazi ile kama wanavyoijua njia ya kisimani, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kigingi cha nane, katikati. Cha tisa. Cha kumi. Kila kigingi cha mstari ule wa uongo kilikubaliana na fremu ya Bwana Kigingi.

Inspekta aliichukua, akaigeuza miguu juu. Mguu mmoja ulikuwa wa kijivu, umeliwa na udongo wa miaka, mviringo. Wa pili ulikuwa umekatwa kwa panga, mikato mitatu safi, na ndani ya mikato mbao ilikuwa bado nyekundu.

Kijiji kizima hakuna aliyepima bila kuzungusha. Kigingi aliwafundisha wote. Alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hakufundishwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa apime. Yeye alipewa abebe.

Hakuna aliyemnyooshea kidole. Waligeuka tu, wote, polepole, na mahali mjane aliposimama pakabaki wazi pande zote.

"Nani alikata mguu huu, mama?" Inspekta aliuliza.

"Ulichanika," mjane alisema, kama aliyeulizwa habari ya sufuria. "Ulichanika ncha, nikausawazisha. Sikujua kwamba ukipunguza mguu alama nayo inahama. Nilidhani ni mbao tu na uzi."

Shangazi alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

Yaliyofuata Inspekta aliyaandika pale pale, daftari juu ya goti, kwa kuwa mwanamke yule alipoanza hakusimama. Alipanda mlimani jioni ile baada ya kukikuta kigingi katikati ya mihogo yake. Alikuwa na kitu kimoja duniani chenye jina lake. Nyumba ilikuwa ya serikali, kiwanja cha mume, ila shamba lile lilikuwa la mama yake na sasa lake. Alimkuta mumewe anafunga kamba ya mzigo. Hakuomba asilifunge kabisa. Aliomba liwe la mwisho badala ya la kwanza, avune mihogo. Mumewe alimwambia kwamba likiwa la mwisho watu watasema anampendelea. Akamgeuzia mgongo, akamwambia abebe fremu waende.

"Miaka thelathini ninaibeba," alisema. "Nikaiinua."

Inspekta alimwuliza kwa nini alipima. Giza lilikuwa linaingia, angeweza kuvichomeka vigingi kumi ovyo na kuondoka.

"Ovyo?" Mjane alimtazama kwa mshangao wa kweli, wa kwanza kuonekana usoni pake siku hiyo. "Tuta likikaa ovyo, mlima unabomoka. Huko chini kuna mashamba ya watu."

Konstebo alikuwa ametoa pingu akawa anazishika tu. Inspekta aliuliza la mwisho, na hili sauti yake haikuwa ya kawaida. Aliuliza kuhusu Twiga. Mtu ambaye hakufanya lolote, siku tatu amelala saruji, na saa nane anapelekwa mahali ambapo huenda asingerudi.

Mjane aliangalia chini. Alisema hakuiweka fimbo ile yeye, Mungu shahidi. Alipoona watu wameiokota na wameridhika, alinyamaza. Alidhani wangemwachia tu. Wafugaji hukamatwa na kuachiwa, alisema, siku zote huachiwa.

"Nani alikwambia?"

Inspekta hakungoja jibu.

Alitembea hadi juu ya mwamba palipokuwa na mtandao, akapiga simu kituoni. Askari wa zamu alimwambia gari la mkoani limewahi, mtuhumiwa ameshapandishwa, dereva anajaza fomu. Inspekta alisema ashushwe. Askari alianza kueleza kwamba fomu imeshatiwa muhuri. Inspekta akarudia neno lile lile, ashushwe, na kwamba mhusika anakuja naye kutoka mlimani, na yeye askari ampelekee Twiga simu hiyo sikioni.

Ilichukua muda. Zilisikika nyayo, mlango wa chuma, maneno ya dereva akilalamika. Kisha pumzi ya mtu.

Inspekta alimwambia yeye ni nani, na kwamba yuko huru tangu dakika hii, na kwamba aliyefanya amepatikana. Aliongeza kwamba saini ile ilikuwa ya kwake na atakuja kumwomba radhi mwenyewe. 

"Ng'ombe wangu," Twiga alisema, "wanakunywa?"

Inspekta aliishusha simu kifuani. Aliwatazama watu wale, akauliza ng'ombe wa Twiga wako wapi. Walitazamana. Mwenyekiti, leso mkononi, alisema kwa sauti ndogo kwamba waliwafungia kwenye boma la kamati siku ile ile aliyokamatwa, kama ushahidi. Inspekta aliuliza nani anawapa maji. Mwenyekiti alimtazama Shangazi, Shangazi akamtazama aliyekuwa pembeni yake, na swali likapita mtu hadi mtu, jua kali la saa nane juu ya vichwa vyao, siku tatu, ng'ombe kumi na tisa, hadi likamfikia wa mwisho, na halikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Simu ilikuwa bado wazi kifuani kwake. Alisikia Twiga akiuliza tena.